Mlango wa Athena na magemu yasiyoombwa na mtu

Binti mfalme amechoshwa na maisha ya ikulu. Anashuka hadi chini ya ngome, anaukuta mlango usiopaswa kufunguliwa, naye, kama ilivyo kawaida ya hadithi, anaufungua. Anadondokea ulimwengu mwingine bila silaha, karibu bila nguo, akitegemea mateke yake tu. Ikiwa pedi imeshikwa na mchezaji wa kawaida kama mimi, dakika mbili haziishi kabla hajafa. Hilo ndilo gemu la Athena, lililotengenezwa na kampuni ya SNK ya Japani mwaka 1986 kwa ajili ya mashine za sarafu, zile za kumbi za burudani unazolipia kila unapocheza. Ni gemu la kukera. Teke la binti huyu halifiki mbali, maadui wanamjia kwa makundi, na silaha nzuri uliyoihangaikia inaweza kukutoka kwa sababu tu umepita juu ya nyingine mbovu zaidi ukaiokota bila kukusudia.

Hakuna aliyeandamana kudai gemu hili lirudi. Lilirudi hata hivyo, mwaka 2018, ndani ya SNK 40th Anniversary Collection, mkusanyo ulioandaliwa na studio ya Digital Eclipse kwa Nintendo Switch kwanza, kisha konsoli nyingine zikafuata. Wengi waliununua kwa sababu ya Ikari Warriors au Crystalis. Mimi nilibaki na Athena kwa majuma, na ndiye aliyenipa kipimo ninachokitumia hadi leo kwa mikusanyo ya namna hii: usiangalie gemu lililopamba jalada. Tafuta lile ambalo hukuwahi kulisikia, kisha uangalie waandaaji wamelifanyia nini. Pac-Man hahitaji mtu wa kumtambulisha. Athena anahitaji, na hapo ndipo unapomtofautisha aliyefanya kazi na yule aliyefungasha mafaili akabandika bei.

Digital Eclipse walimfanyia Athena mambo mawili. Kwanza, unaweza kurudisha mchezo nyuma pale unapokosea, kama mtu anayerudisha mkanda. Hilo siku hizi liko kwenye mikusanyo mingi. La pili ndilo lililonikalisha. Badala ya kucheza, unachagua kutazama, na gemu linajicheza lenyewe: ni mchezo uliorekodiwa wa mtu anayejua anachofanya, tangu binti anapodondoka hadi mwisho. Unaweza kuharakisha sehemu zinazochosha. Na popote unapopatamani, unabonyeza kitufe, pedi inakuwa yako. Nilimwacha binti avuke misitu na mapango bila msaada wangu, akafika baharini, nikamchukua hapo, nikamuua ndani ya sekunde chache. Lakini nilimuulia mahali ambapo kwa nguvu zangu nisingefika hata kwa miezi mitatu.

Najua wapo wanaosema huo ni udanganyifu, kwamba gemu gumu lichezwe kwa ugumu wake. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama ugumu wenyewe ungekuwa wa sanaa tupu. Mashine ya sarafu ilikuwa biashara: mchezaji mmoja akikaa nusu saa kwa sarafu moja, mwenye mashine anapata hasara. Kwa hiyo gemu lilipangwa likufukuze haraka, kwa staha ya kutosha ili urudi. Sebuleni hakuna sarafu wala foleni nyuma yako. Ugumu umebaki, sababu yake imeondoka, na anayekuruhusu kurudisha mkanda anaondoa ushuru uliokuwa ukitozwa kwa niaba ya mtu ambaye hayupo tena chumbani.

Sasa, kwa nini mtu ajisumbue na Athena hata akirahisishiwa? Anayeujua The King of Fighters, mfululizo wa SNK wa magemu ya kupigana, anamjua msichana mwenye nguvu za ajabu aitwaye Athena Asamiya. Huyo anatajwa kuwa mzao wa binti mfalme aliyefungua mlango. Na kina Ralf na Clark, wale wanajeshi wawili wenye misuli wa mfululizo huohuo, walianzia Ikari Warriors mwaka 1986. Nje ya Japani walipewa majina ya Paul na Vince, ndiyo maana wengi hawakuunganisha. Mwaka 1994 SNK ilipoanza kutoa King of Fighters, ilikuwa inaita ukoo mzima karamuni, wajomba na mashangazi ambao wageni hawakuwahi kutambulishwa kwao. Kwa miaka mingi tumekula kwenye karamu hiyo bila kujua nani ni nani. Mkusanyo wa magemu yasiyojulikana unakupa ukoo.

Pia unakupa siri za familia. SNK hiyohiyo ilitoa mwaka 1987 gemu la vita vya msituni ambamo wapiganaji wawili wanashuka kwenye kisiwa kumng'oa dikteta. Nje ya Japani liliitwa Guerrilla War. Japani liliitwa Guevara, kwa jina la mwenyewe, na mchezaji wa pili ni Fidel Castro. Kwa soko la Marekani la wakati wa Vita Baridi majina hayo yalifutwa, mapinduzi yakabaki bila wanamapinduzi. Ukilicheza bila kuambiwa haya ni gemu la risasi tu, la kawaida, zuri kiasi. Ukiambiwa, unaanza kuziangalia zile ndevu kwa jicho jingine.

Hapa ndipo mikusanyo mingi inaponiudhi. Unafungua, unakuta orodha ya picha ndogo, unachagua, unacheza, basi. Hakuna kijitabu cha maelezo kilichokuja na kaseti ya awali, hakuna tangazo la wakati ule, hakuna hata mwaka. Gemu maarufu linaweza kustahimili uvivu huo kwa kuwa mchezaji analeta kumbukumbu zake mwenyewe. Gemu lisilojulikana likiachwa hivyo linaonekana bovu tu, na mchezaji analifunga baada ya dakika tatu akiwa amethibitisha alichodhani: kwamba lilisahaulika kwa haki.

Magemu hayasahauliki kwa ubovu pekee. Mwaka 2023 shirika la Video Game History Foundation likishirikiana na Software Preservation Network lilitoa utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 87 ya magemu ya zamani yaliyotoka Marekani kabla ya 2010 hayapatikani tena madukani. Asilimia 87 hawawezi wote kuwa wabovu. Humo kuna yaliyokufa kwa sababu ya makaratasi, mengine kwa lugha, mengine kwa betri.

Ndiyo, betri. Capcom ilitengeneza mashine ya sarafu iitwayo CPS-3 katika miaka ya 1990, na ili kuzuia wizi, ufunguo wa kufumbua programu uliwekwa kwenye kumbukumbu inayoshikiliwa na betri ndogo. Betri ikiisha, ufunguo unafutika, na gemu linakufa hata kama hakuna aliyeligusa. Wapenzi waliziita betri za kujiua, jina lililotumika pia kwa bodi za kizazi kilichotangulia, CPS-2, zenye tabia hiyohiyo. CPS-3 ilipata magemu sita tu maisha yake yote, na mojawapo, Red Earth la mwaka 1996, kwa miaka mingi halikutolewa kwa konsoli yoyote ya nyumbani. Ni gemu la kupigana lisilofanana na mengine: wahusika wanne wa kuchagua, dhidi ya majitu yanayojaza nusu ya skrini, na mhusika wako anapanda ngazi ya uwezo kadiri unavyoshinda. Ukitaka kuendelea siku nyingine, mashine inakupa neno la siri uliandike kwenye karatasi, urudi nalo kesho na sarafu nyingine. Hebu fikiria mtu anatembea na kikaratasi hicho mfukoni kwa ajili ya mashine ambayo betri yake inahesabu siku.

Red Earth lilifika nyumbani mwaka 2022, ndani ya Capcom Fighting Collection. Miaka 26. Katika mkusanyo huohuo yumo Tessa, mchawi wa Red Earth, akiwa kwenye gemu jingine la Capcom, Super Gem Fighter la 1997, ambalo lilisambaa zaidi. Waliomjua Tessa kwa gemu hilo la vichekesho walikuwa wamekutana na mgeni asiye na kwao. Sasa kwao kumepatikana, mibonyezo michache tu kwenye menyu.

Makaratasi ni hadithi nyingine, na mara nyingi ni ya kuchekesha kwa uchungu. Mojawapo ya studio mbili zilizotengeneza gemu la System Shock 2 la mwaka 1999, Looking Glass, ilifungwa mwaka uliofuata. Haki zikaishia mikononi mwa kampuni ya bima. Si kampuni ya magemu, ya bima. Mwaka 2012 Stephen Kick, aliyekuwa safarini Amerika ya Kati, alitaka kulicheza tena akashindwa, akaanza kuulizia ni nani mwenye mali, akawapata hao wa bima, na gemu likarudi sokoni mwaka 2013. Kampuni yake, Nightdive, imejenga jina kwa kazi hiyo ya kubisha hodi kwenye milango ambayo wenyewe wamesahau kuwa ni yao.

Kwa lugha, mfano ni Seiken Densetsu 3. Lilitoka Japani mwaka 1995, likabaki huko, na wasiosoma Kijapani walisubiri hadi 2019, lilipoingizwa kwenye Collection of Mana likiwa na Kiingereza rasmi. Nasema rasmi kwa makusudi. Wapenzi walikuwa wameshalitafsiri kwa mikono yao, bila malipo, karibu miongo miwili kabla. Waliolijua gemu hilo katika kipindi hicho chote waliijua kazi ya watu hao.

Na hili halisemwi vya kutosha kampuni zinapojipongeza. Emuleta, yaani programu inayoiga mashine ya zamani ndani ya mashine mpya, ndiyo roho ya karibu kila mkusanyo unaouzwa leo. Ufundi huo ulikuzwa kwa sehemu kubwa na watu waliokuwa wakiitwa maharamia. Mradi wa MAME, wa kuiga mashine za sarafu, ulianza 1997. Mwaka 2000 mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua, katika kesi ya Sony dhidi ya Connectix, kwamba kuichambua programu ya konsoli ili kutengeneza emuleta ni matumizi halali. Sony ilishindwa, na leo maduka ya kidijitali ya Sony yenyewe yamejaa emuleta. Siwalaumu. Ila ningependa kuona, katika kurasa za mwisho za mkusanyo, shukrani kwa wale walionunua bodi za saketi zilizooza na kunakili chip moja baada ya nyingine wakati wenye mali walikuwa wamezitupa.

Maana walizitupa kweli. Konami ilipotoa Silent Hill HD Collection mwaka 2012, studio iliyopewa kazi ilikabidhiwa programu ambayo haikuwa toleo la mwisho, kwa kuwa la mwisho halikuwa limetunzwa. Mafundi wakalazimika kurekebisha upya makosa ambayo wenzao walikuwa wameshayarekebisha miaka kumi nyuma. Ukungu wa mji ule, ambao ndio nusu ya hofu yake, ukawa hafifu hadi ukaanza kuona pale dunia ya gemu inapoishia. Lilikuwa gemu maarufu, la kampuni kubwa. Pima mwenyewe hali ya lile lililouza nakala chache.

Hata programu ikipatikana salama, kuna suala la macho. Katika Sonic la 1991 kuna maporomoko ya maji yaliyochorwa kwa mistari membamba ya wima, mmoja wa bluu, mmoja tupu. Kwenye runinga za kichogo, kwa waya za wakati ule, mistari hiyo iliyeyukiana na jicho likaona maji yanayopitisha mwanga. Mega Drive, konsoli iliyolichezesha gemu hilo, haikuwa na uwezo wa kuchora maji ya namna hiyo. Wachoraji waliitegemea runinga iwamalizie kazi. Peleka picha ileile kwenye skrini bapa ya leo, na maji yanageuka uzio. Hakuna kilichobadilishwa hata pikseli moja, na bado picha si ile. Kwa hiyo mwandaaji anayejigamba kuwa ametuletea gemu "kama lilivyokuwa" na kutupa pikseli kali kama wembe hajatuletea lilivyokuwa. Waandaaji wazuri wanaweka vichujio vinavyoiga tabia ya runinga ya zamani. Wabaya wanapaka mistari meusi juu ya picha, wanaita hiyo kumbukumbu.

Mikono nayo ina kisa chake. Fimbo ya Ikari Warriors ilikuwa inazunguka: unaisukuma ili utembee, unaizungusha kama kitasa cha mlango ili uelekeze bunduki, nafasi 12 kwa mzunguko mmoja. Pedi ya leo haina kitu hicho, kwa hiyo mkusanyo unakupa fimbo mbili, ya kushoto kutembea, ya kulia kulenga. Ni rahisi zaidi. Pengine ni gemu jingine. Mzee aliyelizoea kwenye mashine angekuambia kwamba ule uzito wa kifundo cha mkono, kule kuchelewa kidogo kabla bunduki haijageuka, ndiko kulikokuwa kunatisha. Sina jibu la hilo, na nadhani hata Digital Eclipse hawakuwa nalo, walichagua lililochezeka.

Kuna jambo linalonifanya nisiisifu mikusanyo kupita kiasi. Kampuni zimeanza kuigeuza hoja. Mwezi Oktoba 2024, ofisi ya hakimiliki ya Marekani ilikataa ombi la kuruhusu maktaba ziwafungulie watafiti, kwa njia ya mtandao, magemu yasiyouzwa tena. Chama cha kampuni za magemu kilipinga ombi hilo kwa kuwa soko la matoleo ya zamani lipo na lingeumizwa. Yaani Athena na wenzake wachache waliookolewa wanatumika kama ushahidi dhidi ya maelfu ambao hakuna anayepanga kuwaokoa. Mtu anakuzuia kuchota kisimani kwa sababu yeye anauza maji, kisha duka lake lina chupa kumi.

Na chupa zenyewe huondolewa rafu bila taarifa ndefu. Nintendo ilitoa Super Mario 3D All-Stars Septemba 2020, magemu matatu ya Mario, na kutangaza mapema kwamba mauzo yangesimama tarehe 31 Machi 2021. Yalisimama. Rockstar nayo, ilipotoa mkusanyo wake wa Grand Theft Auto mwaka 2021, iliyaondoa kwanza matoleo ya awali madukani. Mkusanyo ukatoka ukiwa na kasoro za kuaibisha, mvua nzito kiasi cha kumziba mchezaji macho, na kampuni ikalazimika kuomba radhi na kuyarudisha yale ya zamani. Huo haukuwa utunzaji wa historia. Ni ukarabati wa nyumba kwa kumfukuza mpangaji kwanza, kisha paa linavuja.

Ninaporudi kwenye kipimo changu, basi, huwa namkumbuka Jordan Mechner, mtengenezaji wa Prince of Persia la 1989. Mwaka 2012 baba yake alikuta boksi la disketi zilizosahaulika, na ndani yake programu ya gemu hilo, ambayo Mechner aliamini imepotea. Mwaka 2023 Digital Eclipse wakatoa The Making of Karateka, kuhusu gemu lake la awali la 1984, na humo unaona filamu za Super 8, za kamera ndogo ya nyumbani, alizopiga ili kunakili mwendo wa binadamu fremu kwa fremu. Unacheza, unasimama, unamtazama mtu halisi akipiga hatua ileile, unarudi kucheza. Gemu lenyewe linaisha chini ya saa moja. Nilitumia jioni nne.

Lakini lipo boksi jingine. The Operative: No One Lives Forever, gemu la kijasusi la mwaka 2000 lenye shujaa wa kike, Cate Archer, na mzaha mwingi kuliko risasi, haliuzwi popote. Nightdive walijaribu, kwa ujuzi wao wote wa kubisha hodi. Walikuta kampuni tatu, Warner, Activision na 20th Century Fox, ambazo miunganiko na mauziano ya miaka mingi yalikuwa yamezigusanisha na gemu hilo, na hakuna iliyokuwa na hakika inamiliki nini. Mikataba ni ya wakati wa karatasi. Kujua kungehitaji mtu ashuke stoo, afungue maboksi, asome. Hakuna aliyekuwa tayari kumtuma mtu huyo.